Kisanduku Kilichokataa Kuitika Hodi

Kabati lile lilikuwa la nguo kabla halijawa la mayai. Mzee Randa alilichonga mwenyewe mwaka aliooa: milango miwili, droo mbili, na mguu mmoja mfupi kidogo kuliko mingine kwa sababu, kama alivyopenda kusema, siku ile mkono ulikuwa kwenye randa na akili ilikuwa harusini. Kwa miaka thelathini na miwili lilitunza magauni ya mkewe. Mke alipofariki, magauni yakagawiwa dada zake, kabati likabaki tupu, na Mzee Randa naye akabaki tupu. Seremala aliyejulikana mtaa mzima kwa kelele za kazi yake na kelele za kicheko chake alikaa kwenye kiti kimoja sebuleni akiutazama ukuta, asubuhi hadi jioni, miezi saba.

Kisha siku moja bintiye wa mwisho, ambaye kwa sababu hiyo kila mtu alimwita Kitinda, alirudi kutoka kazini akasikia msumeno. Alisimama mlangoni na mkoba begani, hakuingia upesi, asije akaifukuza ile sauti. Baba yake alikuwa ameng'oa ufito wa kutundikia nguo, ametoboa matundu ya hewa, na sasa alikuwa anafunga balbu ya nne.

"Nini hii, Baba?"

"Kuku mmoja analalia mayai kumi na mawili, anajiona malkia," alisema Mzee Randa bila kugeuka. "Mimi nitalalia sitini."

Hivyo ndivyo kabati lilivyogeuka mashine ya kutotolesha vifaranga, na ndivyo Mzee Randa alivyorudi kuwa mtu. Aliyageuza mayai mara tatu kwa siku, kwa vidole vile vile vilivyokuwa vikipapasa mbao kutafuta kibanzi. Aliyamulika kwa tochi, moja moja, akamwita Kitinda aje aone mishipa midogo myekundu ndani ya ganda. "Ona," alinong'ona. "Huyu tayari anajiona mtu." Ilifika mahali akaanza kuimba bafuni, na kwa jinsi alivyoimba vibaya, Kitinda alijua amepona.

Siku ya kumi na saba, swichi kuu ya nyumba iliruka.

Si kwamba umeme wa mtaa ulikatika. Kwa jirani redio ilikuwa ikiimba kama kawaida. Ilikuwa nyumba yao peke yake, mchana kweupe, Kitinda akiwa kazini na Mzee Randa akiwa kwenye drafti na wazee wenzake. Mpaka wanarudi, kabati lilikuwa baridi kama mtungi. Fundi umeme aliitwa mara mbili, na mara zote mbili akakuta waya ni wazima na swichi ni nzima, akanywa chai, akaondoka.

Mzee Randa aliyazika mayai nyuma ya bafu, yote sitini. Jioni akakaa kwenye kile kiti.

Ilimchukua Kitinda wiki mbili za kubembeleza, na hata alipokubali, alikubali kwa kidole kimoja hewani. "Mara moja, mwanangu. Haya nayo yakifa, narudisha ufito mahali pake, kabati liwe kabati." Hakusema yeye mwenyewe atarudi wapi. Kitinda alikitazama kiti, akaelewa.

Mayai mapya yaliingia kabatini Jumapili. Siku ishirini na moja zikaanza kuhesabiwa.

*

Kitinda alifanya kazi katika duka la kuchapa na kutoa kopi, mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni alikuwa mbele ya kompyuta, akichapa barua za maombi ya kazi za watu wengine na kuwaambia wateja kwamba picha ya pasipoti haipigwi mtu amecheka. Kupiga simu nyumbani kusingesaidia. Simu ya Mzee Randa iliishi kwenye droo. "Simu ni ya kupigia, si ya kupigiwa," alisema, "na kwenye drafti sitaki kitu kinachonililia mfukoni." Aliyekuwapo daima ni Mama Pacha, jirani yao, fundi cherehani, mwanamke mwenye ufunguo wa akiba wa nyumba yao, chupa nne za chai, na sauti iliyofika mahali kabla yake. Swichi ikiruka, Mama Pacha angeweza kuirudisha kwa sekunde kumi. Umeme ukikatika mtaani, angejaza maji ya moto kwenye chupa na kuzipanga kabatini pembeni ya mayai. Shida ilikuwa moja tu: nani angemwambia kwamba swichi imeruka?

Jibu lilimjia Kitinda Jumatatu, akiwa anasubiri mashine ya kopi ipoe. Nyumbani kulikuwa na ruta, kile kisanduku cheupe cha intaneti kilichokaa juu ya runinga na kukonyeza taa zake za kijani. Chuoni, katika somo la kompyuta, walifundishwa amri moja ndogo: kompyuta moja inaiuliza nyingine, popote ilipo duniani, upo? Na ile nyingine inajibu, nipo. Wataalamu wanaiita ping. Kitinda, tangu siku aliyofundishwa, aliiita hodi. Sasa, ruta ilikula umeme ule ule uliokula kabati. Umeme ukiwapo, ingeitika. Swichi ikiruka, ingenyamaza. Kazi yake ni kubisha hodi tu, mchana kutwa.

Jioni ile alitafuta namba ya anwani ambayo intaneti ya nyumbani ilionekana nayo kutoka nje, akaiandika kwenye kiganja. Jumanne asubuhi akafungua kidirisha cheusi kwenye kompyuta ya dukani, akaandika amri, akabonyeza.

Nipo. Nipo. Nipo. Mistari ilishuka mmoja baada ya mwingine, mbio, kama mtoto anayeshuka ngazi.

"Hicho nini?" aliuliza Bosi, mwanamke aliyeliendesha duka lake kwa miwani iliyokaa ncha ya pua. "Unadukua benki humu dukani kwangu?"

"Nabisha hodi nyumbani, Bosi."

"Si una ufunguo?"

Kitinda alimweleza yote, kabati na mayai na swichi. Bosi alisikiliza, akasukuma miwani juu. "Na utajuaje kama anayeitika ni kisanduku chenu?"

Lilikuwa swali la mtu aliyewahi kudanganywa na wateja wengi. Kitinda akapiga simu. "Mama Pacha, shikamoo. Naomba uingie kwetu, uchomoe ule waya wa kisanduku cheupe juu ya runinga. Dakika moja tu."

"Marahaba mwanangu, naenda." Vikasikika viatu, funguo, mlango. "Haya, nimechomoa."

Kitinda alitazama kidirisha. Nipo. Nipo. Nipo.

"Umechomoa kweli?"

"Waya ninao mkononi kama mkia wa panya! Taa zote zimekufa."

"Mbona bado kinaitika?"

Mama Pacha akasema, kwa sauti ya chini ambayo kwake ilikuwa sauti ya mtu wa kawaida, "Kitinda. Mimi natoka humu ndani."

*

Kijana wa huduma kwa wateja wa kampuni ya intaneti alimuuliza kama amejaribu kuzima na kuwasha. Alipoambiwa kwamba tatizo ni kisanduku kuitika kikiwa kimezimwa, akamuunganisha na mtu mwingine, naye akamuunganisha na mwingine. Ijumaa ndiyo alipotumwa fundi.

Fundi yule mtaani walimwita Ngazi, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila ngazi begani, hata akiwa amekuja kurekebisha kitu kilichoko sakafuni. Kitinda alikuwa ameomba ruhusa ya saa mbili. Ngazi aliegemeza ngazi ukutani, akakaa kwenye kiti cha Mzee Randa bila kujua ni kiti gani, akacheka mpaka machozi.

"Dada, hujaona jini. Nyumba zote za mtaa huu zinatokea nje kwa anwani moja. Ni kama jengo lenye wapangaji mia na geti moja. Wewe unabisha getini, mlinzi wetu kule kituoni anakuitikia. Nyumbani kwako hodi haijawahi kufika hata siku moja."

"Kwa hiyo siku zote hizi naongea na mlinzi?"

"Na ana adabu, si anajibu?"

Mzee Randa, aliyekuwa anageuza mayai, alitoa kichwa kabatini. "Basi mpeni mtoto geti lake."

Ilikuwa rahisi namna hiyo. Kampuni ilimpa anwani ya peke yake kila aliyeomba, ila hakuna aliyeomba kwa kuwa hakuna aliyejua kuna la kuomba. Ngazi aliongea kwa simu, akabofya, akaandika namba mpya kwenye kipande cha ubao alichopewa, akaondoka na ngazi yake ambayo hakuipanda.

Kitinda alirudi kazini mbio, akafungua kidirisha, akabisha kwenye anwani mpya.

Hakuna jibu. Akabisha tena. Hakuna jibu. Akampigia Mama Pacha, ambaye safari hii alisimama kizingitini na kuchungulia tu, akaapa kwamba taa za kisanduku zinawaka, zote, hata ile isiyowakaga.

"Ajabu," alisema Bosi. "Kikiwa kimezimwa kinaitika. Kikiwa kimewashwa kinanyamaza. Hiki ni kisanduku au mume?"

*

Jumamosi mchana Kitinda alikaa chini, kompyuta ya kuazima magotini, akaingia kwenye ukurasa wa ndani wa ruta kwa nywila iliyobandikwa kwenye tumbo la kisanduku. Alipitia kila ukurasa, akisoma kila neno, kama mtu anayetafuta sindano kwenye majani makavu huku akiomba isimchome. Alikuta majina ya vitu asivyovijua na asivyothubutu kuvigusa. Mzee Randa alikuja akachuchumaa kando yake, harufu ya mbao ikamfuata.

Chini kabisa ya ukurasa wa usalama kulikuwa na kiboksi kidogo chenye alama ya vema. Maneno yake yalisema: usijibu ping kutoka nje.

"Hiki hapa!" Kitinda alipiga sakafu. "Kimeamriwa kisiitike! Hodi inafika, kinaisikia, kinajikausha!"

"Kimelelewa vizuri," alisema Mzee Randa. "Kiache."

"Baba!"

"Kinawaitikiaje watu kisiowajua? Dunia nzima ije ibishe, sisi tunajibu tu, tupo, tupo? Mwizi naye atajua tupo."

Kitinda alianza kucheka, kisha akaona baba yake hatanii. Akaondoa mikono kwenye kompyuta. Hili lilikuwa swali la haki. "Baba, mtu akibisha hodi pale mlangoni, wewe unafanyaje?"

"Nauliza, nani?"

"Ukiwa umefunga?"

"Na komeo nimetia."

"Basi ndivyo hivyo. Kuitika si kufungua. Kitasema nipo, lakini mlango unabaki umefungwa, na komeo liko ndani. Nimeliangalia. Mwizi wa mtandao atasikia sauti tu."

Mzee Randa alilitafakari jambo hilo jinsi alivyokuwa akiutafakari ubao kabla ya kuukata. Akanyoosha kidole kimoja kinene, akabofya ile alama mwenyewe. Ikatoka.

"Kama ni mwizi wa sauti," alisema, "aje achukue ya Mama Pacha."

Jumatatu asubuhi, siku ya tisa ya mayai, Kitinda alibisha. Nipo, kikajibu kisanduku. Nipo. Nipo. Hakushangilia. Alipiga simu. Mama Pacha akachomoa waya, na kidirisha kikanyamaza saa ile ile: hakuna jibu, hakuna jibu. Akachomeka, na baada ya dakika mbili ndefu kama kwaresima, nipo. Ndipo Kitinda aliporuka. Aliruka kweli, miguu yote miwili, akaangusha rundo la bahasha, na mteja aliyekuwa amekaa kwa picha ya pasipoti akacheka, ikabidi apigwe upya.

*

Furaha ile iliishi saa mbili.

Jumatatu ile ile, saa nne na dakika tano, kisanduku kilinyamaza. Kitinda alihesabu: kimya cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kwa haraka akabonyeza namba ya Mama Pacha mara mbili kimakosa.

"Swichi imeruka! Mama Pacha, kimbia!"

Mama Pacha alikimbia. Alikimbia na chupa mbili za chai kwapani na futi ya kupimia nguo shingoni, akafungua mlango, na Kitinda kwenye simu akamsikia akihema.

"Kitinda. Kabati linawaka. Balbu zote nne. Kipimajoto kiko pale pale. Mayai yako moto kuliko mimi."

"Na kisanduku?"

"Kisanduku kimezimwa ukutani."

Jumanne, saa nne na dakika tatu, kikanyamaza tena. Mama Pacha akakimbia tena, maana safari hii huenda ikawa kweli, na tena akakuta balbu nne zikiwaka na kisanduku kimezimwa ukutani. "Mwanangu," alisema, "gauni la bibi harusi liko kwenye cherehani na mkono mmoja tu. Kesho nikikimbia bure, bibi harusi ataolewa hivyo hivyo."

Jioni Kitinda alimkuta baba yake anamulika mayai.

"Baba, wewe ndiye unayezima ruta?"

"Nikitoka, ndiyo." Alishangaa kuulizwa. "Anayetoka mwisho azime. Runinga, taa, pasi, kisanduku. Naacha kabati na friji."

Sheria ile haikuwa ya baba yake. Ilikuwa ya mama. Anayetoka mwisho azime. Aliisema kila siku ya maisha yake, mkono tayari uko kwenye swichi. Mara moja alimrudisha mumewe kutoka kituo cha basi, akiwa amevaa suti, kwa sababu ya balbu ya chooni. Kwa miaka thelathini na miwili Mzee Randa alinung'unikia sheria hiyo, na tangu mkewe aondoke hakuwahi kuivunja hata mara moja. Kila siku saa nne hivi, kabla ya kwenda kwenye drafti, alipita nyumba nzima akizima. Kitinda alifahamu sasa hivi, kwa kuchelewa, kwamba ule mzunguko wa swichi ndiyo ilikuwa njia yake ya kumuaga mkewe.

Utamwambiaje mtu aache hilo?

Akakaa chini kando yake. Akachukua yai moja, akalishika bila kulitikisa. Ndani yake, mbele ya tochi, kitu kidogo kilijinyoosha.

"Baba, unakumbuka nilivyokuwa naogopa giza?"

"Ulikuwa unaogopa hata kivuli cha chandarua."

"Na taa ya korido?"

Mzee Randa alibaki na tochi mkononi. Taa ya korido iliwaka usiku kucha kwa miaka minne, katika nyumba ambayo balbu ya chooni ilimrudisha mtu kutoka kituo cha basi. Kila aliponyoosha mkono kuizima, sauti ya mkewe ilitoka chumbani.

"Penye mtoto, acha iwake," alisema polepole. Kisha akasema tena, kwa sauti ya mkewe, na aliiigiza vizuri kiasi kwamba wote wawili wakaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio katikati, kikageuka tena kuwa kicheko. "Penye mtoto, acha iwake! Ee mama. Ningesahau."

Usiku haukuingia kabla hajachukua patasi. Alitengeneza rafu ndogo juu ya kabati, akaihamishia ruta pale, ikala umeme kwenye soketi moja na balbu za mayai. Soketi yenyewe akaifunika kwa kijimlango cha mbao chenye bawaba, ili mkono uliozoea usiifikie bila kufikiri. Juu ya kijimlango akaandika kwa penseli ya seremala, herufi kubwa: PENYE MTOTO, ACHA IWAKE.

*

Kuanzia siku ile kisanduku kiliitika bila kukosa. Kitinda alizoea kukitazama kwa jicho moja huku lingine likiwa kwenye kazi. Bosi naye alizoea. Asubuhi, hata kabla hajavua viatu vya njiani, aliuliza, "Wazima?" Wateja wa kila siku wakaanza kuuliza pia, na mwalimu mmoja aliyekuja kutoa kopi za mitihani alikataa kuondoka mpaka ameona mistari kumi ikishuka.

Siku ya kumi na nane mayai yaliacha kugeuzwa, kama inavyotakiwa, ili vifaranga vijipange kwa safari ya kutoka. Siku ya kumi na tisa, Alhamisi, saa sita kasoro dakika kumi, kisanduku kilinyamaza.

Kitinda alikuwa anachapa barua ya mtu. Alihesabu vimya vitatu kwa midomo. Alipiga simu ikaita, ikaita, ikakatika. Akapiga tena.

"Huenda ni baba yako kazima," alisema Bosi, lakini miwani alikuwa ameishika mkononi.

"Hapana. Baba hazimi."

Simu ikapokelewa. Mlio wa cherehani ukakoma.

"Kitinda, nilikuambia nikikimbia bure..."

"Mama Pacha, si bure. Redio yako inaimba?"

"Inaimba."

"Basi ni swichi. Ni sisi peke yetu. Nakuomba."

Kilichosikika ni mkasi kuwekwa mezani, kisha viatu. Duka zima likajikusanya: Bosi, mwalimu wa mitihani aliyekuwa amerudi kwa kopi zaidi, kijana wa picha ya pasipoti aliyeambiwa asicheke na sasa hakuwa na haja ya kuambiwa. Wote waliinama kwenye kidirisha cheusi. Hakuna jibu. Hakuna jibu. Hakuna jibu.

"Imeruka!" Sauti ya Mama Pacha ilijaza duka bila spika. "Imelala chini kama mlevi! Naiinua. Nimeinua. Balbu... moja, mbili, tatu, nne! Naweka mkono. Yako moto, Kitinda! Bado yako moto! Na... ngoja. Nyamazeni huko."

Wakanyamaza, ingawa hakuna aliyekuwa ameongea.

"Kuna kinachogonga," alisema Mama Pacha, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alinong'ona. "Ndani ya yai. Kinabisha."

Dakika mbili baadaye mstari mmoja ukashuka kwenye kidirisha. Nipo. Mwalimu wa mitihani alimkumbatia Bosi, ambaye hakuwa mtu wa kukumbatiwa. Kijana wa pasipoti alipigwa picha akiwa anacheka meno yote nje, na Bosi akasema, "Mpe hivyo hivyo. Wakiikataa, aje tumpige bure."

*

Vifaranga walitoka Jumamosi, kuanzia alfajiri hadi alasiri, wakiwa wamelowa, wakianguka, wakilala, wakiamka na kukauka na kuwa manjano. Mzee Randa hakwenda kwenye drafti. Alilala kifudifudi mbele ya kabati, kidevu juu ya mikono, akiwakaribisha mmoja mmoja. "Karibu. Karibu, bwana. Wewe nawe, mbona umekuja na kofia?" Mama Pacha alipiga vigelegele vilivyomwamsha mbwa wa mtaa wa pili. Ngazi alipita na ngazi yake kuuliza kama geti linafanya kazi, akaishia kukaa chini na kifaranga kwenye kila kiganja. Walipohesabiwa walikuwa hamsini na watatu. Kiti cha sebuleni kilipelekwa uani, maana boksi la kuwalelea lilihitaji nafasi, na hakuna aliyekumbuka kukirudisha.

Fundi umeme aliitwa mara ya tatu. Safari hii Mzee Randa alimnyima chai mpaka apate kosa, na akalipata ndani ya robo saa: waya wa friji, nyuma ya ukuta, umechubuka pasipoonekana.

Jioni, akipanga maji ya vifaranga, Mzee Randa aliuliza bila kumtazama bintiye. "Hiyo hodi yako. Wewe ukiwa kazini unajua mimi nyumbani mzima. Mimi nikitaka kujua wewe mzima, nabisha wapi?"

"Unapiga simu tu, Baba."

"Aa," alisema Mzee Randa, kama mtu aliyeelezwa jambo gumu.

Jumatatu saa nne na nusu, Kitinda alikuwa katikati ya barua ya maombi ya kazi. Kwenye kidirisha cheusi mistari ilikuwa inashuka taratibu. Simu yake ikaita. Kwenye kioo chake lilikuwa neno ambalo halikuwahi kutokea pale saa za kazi: Baba.

"Nipo, Baba."

Nyuma yake alisikia kete zikigongana na mzee mmoja akilalamika, "Cheza bwana, au umeona umeshindwa?"

"Haya," alisema Mzee Randa. "Nilikuwa nabisha tu."